Tazama Wayo wa Kuku Wako



Mkulima wa karafuu kazi yake ni kutazama juu. Hutazama juu mikarafuu inapoanza kutoa, hutazama juu karafuu zinapopevuka, na akishachuma na kuanika majamvini hutazama juu tena kuangalia wingu lisimharibie kazi. Si ajabu basi kwamba mambo yaliyo chini, karibu na miguu yake, huchelewa kuyaona. Safari hii twawaomba wanachama wainame kidogo, watazame chini, tena chini kabisa, kwenye wayo wa kuku.

Huenda mtu akasema, "Wayo wa kuku una nini hata uandikwe habari zake?" Jibu lake ni hili. Kila mmoja wetu ajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema waweza kufuatwa na mwaka mkavu, na kati ya msimu na msimu kuna miezi mirefu ambayo mtu hana hata pishi moja ya karafuu ya kupeleka kituoni. Katika miezi hiyo ni nani anunuaye sabuni, chumvi, daftari za watoto na nauli ya kwendea hospitali? Nyumba nyingi za shamba, anunuaye ni kuku, na aghlabu kuku huyo ni mali ya mama wa nyumba. Basi kuku akilemaa, si kuku peke yake aliyelemaa.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nitaanza na kosa langu, ili wengine wasilirudie. Nilikuwa na koo mmoja mweusi, mzazi mzuri, mlezi hodari wa vifaranga. Msimu mmoja, tukiwa katika uchumaji, mke wangu aliniambia, "Yule koo achechemea." Nami nikamjibu, "Amejikwaa huyo, atapona." Kesho yake nikapanda mkarafuu, na kesho kutwa vivyo hivyo. Zilipita kama wiki tatu kabla sijamkamata nikamtazama. Nikaona wayo wa mguu wa kulia umevimba, na katikati yake pana kigaga cheusi cha mviringo kama kichwa cha msumari.

Nikasema hili ni jipu, na jipu dawa yake kupasuliwa. Nikatwaa wembe uliokuwa umechomekwa ukutani, nikapasua, nikakamua. Usaha haukutoka, ilitoka damu tupu. Nikakamua zaidi. Siku chache baadaye uvimbe ulipanda mguuni hata kwenye kiungo cha juu, kuku akakataa kula, na asubuhi moja tukamkuta mzoga. Hata kisu cha kumchinjia hakikuwahi.

Nilipomweleza bwana mifugo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia, "Umefanya makosa mawili. La kwanza umechelewa, na la pili umeharakisha." Maneno haya mawili ndiyo makala hii yote. Mengine yaliyobaki ni maelezo yake.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu twaweza kuuita jipu la wayo. Huanza pale ngozi ya wayo inapochubuka, kutobolewa au kusagika. Juu ya ngozi ya kuku, na katika kinyesi na takataka za bandani, mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Aghlabu vinavyoleta jipu hili ni vile viitwavyo stafilokokasi, ndugu wa hao hao waletao majipu kwa binadamu. Vikipata mlango huingia ndani ya nyama ya wayo na kufanya makao.

Mwanzo wake ni mdogo sana. Ngozi ya wayo hugeuka nyekundu, au hulainika na kung'aa, au huota sugu. Kuku bado atembea vizuri, wala mtu hatajua ila amkamate na kumpindua. Hatua ya pili wayo huvimba, ukiugusa una joto, na kigaga cheusi au cha kahawia hujitokeza katikati. Hapo kuku huanza kuchechemea, hupenda kukaa chini, na akisimama huuinua mguu mmoja. Hatua ya tatu ni ile ya koo wangu: uvimbe huingia katikati ya vidole na kupanda mguuni, vijidudu hufika kwenye kano na mifupa, na kuku hukonda.

Tena kuku mwenye mguu mmoja mbovu huulemea ule mzima. Kwa hiyo si jambo geni kuona baada ya muda miguu yote miwili imeshikwa.

Jambo moja kubwa yatupasa kulifahamu, kwani hapo ndipo nilipokosea na wembe wangu. Usaha wa kuku si kama usaha wa mtu. Jipu la mtu likiiva, ukilitoboa usaha humiminika. Usaha wa ndege haumiminiki. Hugandamana ukawa kitu kigumu, cheupe au cha manjano, kama kipande cha nta, chenye mzizi ulioingia ndani. Kwa hiyo kukamua hakufai kitu. Anayekamua huusukuma uchafu ndani zaidi, na huiumiza nyama nzima iliyokuwa ikiuzuia ugonjwa usienee.

SI KILA ANAYECHECHEMEA ANA JIPU

Kabla ya kutia dawa, hakikisha ugonjwa ni huo. Mpindue kuku, utazame miguu yote miwili, uilinganishe.

Ikiwa magamba ya miguu yameinuka, yamekuwa manene na yenye unga mweupe, huo ni ukurutu wa miguu, uletwao na wadudu wadogo mno waishio chini ya magamba. Dawa yake ni kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kuikausha, na kuipaka mafuta mazito, kama vile vaselini, ili wadudu wakose pumzi. Rudia mara kwa mara kwa wiki kadhaa, wala usiyabandue magamba kwa nguvu.

Ikiwa kidole kimevimba na wayo ni mzima, tafuta uzi. Nyuzi za magunia na nywele hujizungusha katika vidole vya kuku zikakaza mpaka kidole kikafa. Zikate taratibu kwa mkasi mdogo.

Ikiwa pana vigaga usoni, kwenye upanga na machoni, yaelekea ni ndui ya kuku. Na ikiwa miguu imelegea pasipo uvimbe wala kidonda, shingo yapinda, au kuku wengine nao wanazubaa na kuharisha, usipoteze wakati na maji ya chumvi. Huenda ni kideri. Mtenge kuku huyo na umwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Kideri hakina dawa ya kukitibu, kinga yake ni chanjo peke yake.

MATIBABU YA NYUMBANI

Jipu la hatua ya kwanza na la mwanzo wa hatua ya pili mtu aweza kulitibu nyumbani. Vitu vitakiwavyo si vya gharama: beseni kuukuu ambalo halitatumika tena jikoni, maji safi yaliyochemshwa, chumvi, sabuni, dawa ya aidini ya vidonda kutoka duka la dawa, pamba, kitambaa safi au bendeji, na kanga kuukuu. Ukipata chumvi ya haluli ni bora zaidi kwa kuroweka. Vaa glavu, au mifuko ya nailoni mikononi, kwa sababu vijidudu hivi huweza kumwingia mtu mwenye mchubuko, na vikiingia chakulani huleta kutapika na kuharisha.

Kazi hii yataka watu wawili. Mmoja amshike kuku, amzungushie kanga mabawa yasipapatike, na amfunike macho kidogo ili atulie. Asimbane kifua, kwani kuku huvuta pumzi kwa kupanua kifua chake, naye akibanwa sana hufa mkononi. Wala asimlaze chali muda mrefu.

Kwanza, osha mguu wote kwa sabuni na maji ya vuguvugu mpaka uchafu uishe.

Pili, roweka. Katika lita moja ya maji ya vuguvugu tia vijiko vikubwa viwili vya chumvi ya haluli. Maji yawe ya joto ambalo mkono wako unalivumilia bila taabu. Mguu ukae humo dakika 10 hadi 15. Kazi ya maji haya ni kulainisha kigaga na kupunguza uvimbe. Kuku akishazoea, wengi hutulia kabisa, wengine hata husinzia.

Tatu, ukaushe mguu na ukitazame kigaga. Kikiwa kimelegea, kiinue polepole kwa ncha ya kitambaa safi. Mara nyingine hutoka pamoja na ule usaha mgumu kama kizibo, na hapo umeshinda sehemu kubwa ya vita. Kisipotoka, kiache. Roweka tena kesho, na kesho kutwa. Kinachotoka siku ya nne kwa hiari yake ni bora kuliko kinachong'olewa siku ya kwanza kwa nguvu.

Nne, safisha tundu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kipimo chake ni kijiko kidogo kimoja cha chumvi ya kawaida katika nusu lita ya maji. Kisha pakaa aidini iliyopunguzwa kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Baada ya hapo tia malhamu ya vidonda uliyoshauriwa na bwana mifugo. Ukikosa malhamu, asali safi yaweza kutumika, kwani nayo huzuia vijidudu, lakini lazima ifunikwe vizuri, la sivyo utawaita siafu na sisimizi karamuni.

Tano, funga. Weka kipande kidogo cha kitambaa safi juu ya kidonda, kisha zungusha bendeji ukiipitisha katikati ya vidole na kuirudisha juu ya mguu, mara mbili tatu, ikaze bila ya kubana. Baada ya saa moja gusa vidole. Vikiwa baridi au vimevimba, umekaza mno, fungua ufunge upya.

Sita, mtenge kuku mahali pakavu penye matandiko laini, na maji na chakula karibu, asilazimike kuruka wala kupigania punje na wenzake. Badilisha bendeji kila siku, au kila baada ya siku moja, na ikirowa maji ibadilishe papo hapo. Jipu changa huweza kupona kwa wiki moja au mbili. Lililoingia ndani huchukua mwezi na zaidi. Mwenye haraka hatalitibu.

Mwaka uliofuata nilipata jimbi mwenye ugonjwa huo huo, naye nilimkamata mapema kwa kuwa sasa nilikuwa natazama. Siku ya tano kigaga kilitoka chenyewe ndani ya beseni. Baada ya wiki tatu alikuwa juu ya kichuguu anawika.

JE, MAFUTA YA KARAFUU?

Swali hili lazima litaulizwa na mwanachama, na ni haki yake. Sote twajua kwamba mafuta ya karafuu na ya makonyo huua vijidudu na hufisha ganzi jino linalouma. Kitu kifanyacho kazi hiyo huitwa yujenoli, nacho ndicho sehemu kubwa ya mafuta yenyewe. Waganga wa meno hukitumia, lakini hukichanganya na dawa nyingine na kukitia kwa kipimo.

Mafuta matupu ya karafuu juu ya kidonda kibichi huunguza nyama. Anayeyamimina katika wayo uliopasuka atakiongeza kidonda badala ya kukiponya, na atamtesa kuku bure. Sisi ndio tuyajuao mafuta haya kuliko wengine, basi na tuwe wa kwanza kuyaheshimu. Vivyo hivyo mafuta ya taa, mafuta ya gari, majivu ya moto na maji ya betri, ambayo wengine huyasifu vijijini: hayo yote tuyaache.

WAKATI WA KUSITA

Pana mambo ambayo si ya nyumbani. Uvimbe ukipita kwenye vidole na kupanda mguuni, kuku akiacha kula, au ukiroweka kwa wiki nzima na hali haibadiliki, mwite bwana mifugo. Usaha uliozama ndani yafaa utolewe na fundi mwenye kisu safi, dawa ya ganzi na ujuzi wa kujua mishipa ipo wapi. Wembe wa ukutani hauna hata kimoja katika hivyo.

Dawa za vijidudu za kumeza au za sindano nazo zitolewe kwa shauri lake. Mtu asikate kidonge chake alichobakiza hospitali akamlisha kuku. Kipimo hakitakuwa sawa, na vijidudu vitaizoea dawa ile hata siku mtoto wa nyumba hiyo akiugua isimfae. Na kuku akishapewa dawa hizo, uliza siku za kungoja kabla ya kula mayai au nyama yake, uzifuate.

Ikiwa kuku ni mzee, ugonjwa umeingia mifupani, na gharama imepita thamani yake, si huruma kumwacha ajikokote mpaka mwisho. Achinjwe mapema. Akiwa mwenye afya njema isipokuwa wayo tu, na hakupewa dawa, nyama yake hufaa baada ya kuukata na kuutupa mguu mbovu. Lakini aliyekonda, mwenye homa na uvimbe uliopanda, asiliwe. Azikwe mbali na kisima.

BANDA NDILO DAWA

Mtu akitibu wayo akaliacha banda kama lilivyo, atakuwa anateka maji kwa pakacha. Jipu hili lina mlango, na mlango huo ndio wa kufungwa.

Mlango wa kwanza ni urefu wa kurukia. Kuku wetu wengi hulala mwembeni au juu ya paa la banda, na alfajiri huruka chini kwa kishindo. Kuku mwepesi wa kienyeji huvumilia, lakini jimbi mzito, au kuku wa kizungu aliyenenepa, kila siku huusaga wayo wake. Mti wa kulalia bandani usizidi nusu mita kutoka chini, nao uwe wa mviringo au uliolainishwa kingo, unene wake kama sentimita 5, usio na vibanzi wala misumari.

Mlango wa pili ni unyevu. Masika, kati ya Machi na Mei, banda lisilo na mteremko hugeuka tope la kinyesi, na wayo uliorowa siku nyingi hulainika ukachubuka kwa jambo dogo. Inua sakafu ya banda, chimba mfereji pembeni, tandika maranda au makapi makavu ya mpunga, na uyaondoe yanaporowa. Kinyesi hicho usikitupe, kirundike kioze, kisha ukipeleke shambani kiwe mbolea.

Mlango wa tatu ni vitu vyenye ncha. Miiba ya mndimu, vifuu vilivyovunjika, vigae, vipande vya bati na misumari ya banda bovu hutoboa wayo. Na sakafu ya saruji iliyomomonyoka, ambapo kuku hushinda wakidonoa punje, huusugua kama tupa. Watoto watume wazunguke uwanja mara moja kwa wiki, wakusanye.

Mlango wa nne ni chakula. Kuku anayelishwa chicha ya nazi na makombo ya wali peke yake hupungukiwa vitamini A, na ngozi yake hudhoofika. Mpe majani mabichi, kama mchicha na matembele, na papai bivu likipatikana. Hata hivyo usimnenepeshe kupita kiasi, maana uzito wote waishia wayoni.

SIKU YA IJUMAA

Kwangu tumefanya desturi. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, kuku wakishaingia bandani na giza limewatuliza, mke wangu hushika taa nami huwashika mmoja mmoja nikawapindua. Kuku 12 hawachukui hata robo saa. Mwenye wekundu wayoni hutengwa usiku ule ule, na kesho yake beseni latoka.

Haikosi watu watatucheka, lakini afadhali kuchekwa kuliko kuzika koo mzazi. Msimu utakapofika tena kila mtu atakuwa juu ya mkarafuu, na hapo ndipo kuku husahauliwa. Basi kabla hujaweka ngazi, ndugu mwanachama, tenga robo saa moja ya usiku, ushike taa, uiname.